Je, Yafaa Mgeni Kuingia Kilabuni?



Liko swali ambalo sisi na mwenzetu mmoja tumekuwa tukibishana tangu tuliporudi safarini, nasi tumeona afadhali tuliweke mbele ya wote. Je, yafaa msafiri kuingia vilabu vya pombe vya watu maskini katika nchi ya kigeni, kwa kuwa ni rahisi, na kwa kuwa ndimo, kama asemavyo mwenzetu, waonekanamo wenyeji jinsi walivyo?

Hatuzungumzii ulevi. Juu ya ulevi mahubiri mmekwisha kuyasikia. Wala hatusemi kuwa kuketi na wanywao ni dhambi, maana Bwana wetu aliketi nao hata akasingiziwa kuwa mlevi. Sisi wenyewe hatunywi, na hatukuona haya kukaa pale na chupa ya soda. Shaka yetu iko kwingine.

Tulikwenda Uganda kuhiji Namugongo, ambako kila tarehe 3 Juni hukumbukwa Mashahidi, ambao wengi wao walichomwa moto siku hiyo mwaka 1886. Mwenzetu huyu tulisoma naye chuo cha ualimu, na popote afikapo hupenda kuuliza watu wa kawaida wanakaa wapi jioni. Basi siku ya pili baada ya ibada akatuchukua Kireka, kwenye kilabu cha malwa.

Malwa ni pombe ya ulezi. Asili yake ni kwa watu wa Teso, mashariki ya Uganda, ambao huiita ajon. Unga huvundikwa na maji siku kadhaa, kisha hukaangwa juu ya bati, ukatiwa maji na kimea cha ulezi uliooteshwa. Ni kazi ya siku nyingi, moshi machoni, na wengi waifanyao ni wanawake. Chungu huwekwa katikati, watu huketi duara, kila mmoja na mrija wake mrefu, na maji ya moto huongezwa kila mara. Na hao waketio hawakuokotana njiani. Vikundi vingi vina mwenyekiti na mweka hazina, vina siku zake za kukutana, na huchanga mwenzao akifiwa. Ni chama cha kuzikana kama vyetu, ila vyetu havina chungu.

Hapo ndipo shaka yetu ilipoanzia. Mwenzetu alidhani ameingia mahali pa wazi kama sokoni, kumbe ameingia barazani mwa watu. Alikaribishwa vizuri, akapewa kigoda na mrija, naye akatoa mchango wake. Halafu akatoa simu ili apige picha. Mzee mmoja, ambaye alijua Kiswahili kwa kuwa alifanya kazi Mombasa zamani, akamwuliza kwa upole: “Mwalimu, nikija kwenu Unguja nikamkuta baba yako anakula, nimpige picha?” Watu wakacheka, mwenzetu naye akacheka, akairudisha simu mfukoni.

Sisi wa Unguja twalielewa vyema neno la mzee yule. Wageni wapita mjini kila siku na kamera, na wazee wetu wachezao bao barazani wamepigwa picha na watu wasiowapa hata salamu. Anayepigwa si kwamba amevunjwa mkono. Walakini hujiona amekuwa kama mnazi au ngalawa, kitu cha kutazamwa. Sasa iweje jambo lituudhialo hapa Bububu liwe halali kwetu tukivuka maji?

Mwenzetu ana jawabu, na haifai kulidharau. Asema kwamba katika nyumba ya wageni tulikaa siku tatu tusijue hata jina la anayetufulia mashuka, lakini kilabuni jioni moja tulisikia habari za Teso, bei ya ulezi, na watoto wangapi wamefika sekondari kwa chungu kile. Ni kweli tupu.

Lakini lile neno “rahisi” latukwaza. Rahisi kwa nani? Malwa huuzwa kwa shilingi chache kwa kuwa jasho la mama yule halikutiwa katika hesabu. Na ziko pombe zilizo rahisi kwa sababu mbaya zaidi. Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru mjini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, ambayo hupofusha macho kabla ya kuua. Aprili 2010, huko Kabale, Uganda, wapatao 80 walikufa vivyo hivyo kwa waragi. Hao hawakwenda kutalii. Walikunywa pale kwa sababu fedha zao ziliishia pale. Msafiri akishuku kikombe aweza kuondoka akanunua bia ya chupa, na kwa hiyo, hata akiketi kigoda kimoja nao, hakuketi mahali pamoja nao.

Liko na jingine, nalo tumemwambia usoni. Yeye ni mzee wa kanisa. Hapa Unguja tembo lauzwa, na wauzao twawajua, lakini hajakanyaga kwao hata siku moja. Tulipomwuliza kwa nini Kireka yawezekana na hapa haiwezekani, alijibu: “Kule hakuna anijuaye.” Hatudhani jibu hilo ni dogo. Anayekwenda mahali kwa kuwa hajulikani hakwenda kujuana na mtu. Amekwenda kuona asionekane, na hata bila simu mkononi, picha amekwisha kupiga. Mtu yule yule angeingia kilabu cha jirani yake, akaonekana na majirani, akamsalimu mama muuzaji kwa jina lake na kesho yake akakutana naye dukani, sisi tusingekuwa na neno juu yake, awe anakunywa soda au malwa.

Mwenzetu asema twakuza mambo, na kwamba walimu wastaafu hawana kazi ila kusahihisha. Mwakani, Mungu akipenda, ataka kwenda Kenya, na amekwisha kuulizia mangwe za mnazi za Kilifi ziko upande gani. Tumemwomba kwanza aje Jumamosi moja tumtembelee pamoja mama mmoja auzaye tembo, si mbali na hapa, ambaye mumewe alizikwa mwaka jana na sisi hatukwenda kumpa pole. Bado hajatujibu.