Kitambulisho Kiko Mfukoni

Leo nina neno na kijana aliyetimiza miaka 18, kitambulisho kiko mfukoni, na bado hajajiandikisha kupiga kura.

Mwaka 2022, Wakenya zaidi ya milioni 22 walikuwa wameandikishwa kupiga kura. Wenye miaka 18 hadi 34 walikuwa chini ya asilimia 40, wachache kuliko mwaka 2017. Mwaka huohuo, Linet Chepkorir alichaguliwa Mwakilishi wa Wanawake wa Bomet akiwa na miaka 24. Hakungoja kuota mvi.

Juni 2024 ninyi vijana mliingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, nao ukaondolewa. Wengine hawakurudi nyumbani, na mama zao wangali wanalia. Sauti ile ilisikika. Lakini sheria hupitishwa bungeni, na mlango wa bunge ni kura. Hata bajeti ya zahanati ya kijijini kwenu hupitishwa na bunge la kaunti, anamoketi mwakilishi wa wadi yako. Je, wamjua jina?

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Mwanangu, fika ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge lako, na umshike mkono rafiki yako mwende pamoja. Kujiandikisha ni bure.