Idadi ya Tezi na Uzima wa Mtu

Swali la kama uhai wa mtu mmoja unaweza kusomwa katika hesabu iliyotokana na vifo vya watu wengine ni la zamani katika falsafa, lakini mjini Kolwezi, nchini Kongo, lina historia yake ya pekee. Katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi wa Ruwe, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, alianza mwaka 1953 kuwakusanya wachimbaji na wake zao katika vuguvugu lililokuja kuitwa Jamaa. Miaka 8 kabla ya hapo, katika kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu, alikuwa amedai kwamba kwa Wabantu kuwapo ni kuwa na nguvu, na kwamba nguvu hiyo huongezeka au hupungua kulingana na uhusiano wa mtu na Mungu, wahenga na jirani zake, ugonjwa ukiwa dalili ya kupungua kwake. Wanajamaa, waliofundishana kwa Kiswahili cha Katanga, walitafakari uzima, uzazi na mapendo kama mambo ambayo hakuna awezaye kuwa nayo peke yake. Tempels alipingwa, na kwa haki, hasa na Paulin Hountondji wa Benin, kwa kuwabebesha watu wengi fikra moja ambayo hawakuulizwa. Hata hivyo swali la uzima aliloligusa linabaki hai pale mgonjwa anapoambiwa kwamba uvimbe ulio chini ya sikio lake ni saratani, na kwamba umekwisha kufika shingoni.

Tezi kubwa za mate ni jozi 3: parotidi, zilizo mbele na chini ya masikio, zile za chini ya taya na zile za chini ya ulimi, mbali na mamia ya tezi ndogo zilizotawanyika katika utando wa kinywa na koo. Saratani zake ni adimu, na uvimbe mwingi wa parotidi si saratani. Pale inapokuwa saratani, seli zake zinaweza kuchukuliwa na limfu, yaani majimaji yanayotoka kwenye tishu na kurudi katika damu kwa mishipa myembamba, hadi kwenye tezi za limfu, ambazo ni vifundo vidogo vinavyoyachuja. Mfumo wa kupanga hatua za saratani ulioasisiwa na mpasuaji Mfaransa Pierre Denoix katika miaka ya 1940 huzipa tezi hizo herufi yake, N, na huangalia ukubwa wa tezi iliyoshikwa, upande wa shingo ilipo, kama ni moja au zaidi, na kama saratani imetoboa ganda lake. Tafiti za karibuni juu ya rekodi za wagonjwa wa Marekani zimeipa uzito zaidi idadi yenyewe, kwa sababu hatari ya kufa ilionekana kupanda kwa kila tezi iliyoongezeka.

Inafaa kutazama kwa karibu jinsi idadi hiyo inavyopatikana. Mpasuaji huondoa shingoni kipande cha mafuta na tishu, akikwepa mishipa mikubwa ya damu na, anapoitoa parotidi, neva ya uso, ambayo ikikatwa humwacha mgonjwa asiweze kufumba jicho. Kisha, maabarani, kipande hicho hulazwa juu ya ubao, na mpatholojia huyapapasa mafuta kwa vidole, akitafuta vifundo ambavyo vingine havizidi punje ya mtama, akivikata, akivitia rangi na kuvichungulia kwa hadubini kimoja kimoja. Vikichunguzwa 5 tu, sufuri inayoandikwa kwenye karatasi si sufuri ile ile inayopatikana vinapochunguzwa 30. Kwa hiyo idadi inayoonekana kama kauli ya mwili wenyewe ni pia kauli juu ya kisu, jicho na subira ya waliohesabu.

Hata ikihesabiwa vyema, haiusemi uhai wote. Saratani ya mirija ya mate huzivamia tezi za limfu mapema na kwa ukali, lakini ile iitwayo adenoidi sistiki huziacha mara nyingi, ikatambaa kando ya neva, na inaweza kutokeza mapafuni baada ya miaka 10 au zaidi, mgonjwa akiwa amekwisha kuingizwa katika takwimu za waliovuka miaka 5 tangu kugunduliwa ugonjwa. Hapa dhana ya nguvu moja inayopanda na kushuka inashindwa, sawasawa na inavyoshindwa dhana ya kwamba miaka 5 ndiyo kupona.

Katika takwimu za Marekani, saratani inapokuwa haijatoka ndani ya tezi ya mate, zaidi ya wagonjwa 9 katika 10 hufikia miaka 5, na inapokuwa imefika kwenye tezi za limfu au tishu za jirani, takribani 7 katika 10. Hesabu hii haimaanishi kwamba kila mmoja ana sehemu 7 za uhai na 3 za mauti, wala si amri ya Mungu iliyovuja kupitia hospitali. Anayeikataa kwa kudhani kuipokea ni upungufu wa imani anakosea kama anayeipokea kama hukumu, maana imejengwa na maisha ya watu waliotangulia, kila tarakimu ikiwa na jina nyuma yake. Lakini si majina ya Lualaba, mkoa wa Kolwezi. Kwa wingi ni ya watu waliopata upasuaji na, tezi zilipokutwa zimeshikwa, wakaendelea na tiba ya mionzi.

Ndipo hoja inapogusa ardhi yenyewe. Mionzi ya atomiki ni kati ya visababishi vichache vinavyojulikana vya saratani hii, na saratani hiyo ilionekana kuongezeka kwa manusura wa mabomu ya atomiki ya Hiroshima na Nagasaki. Sehemu kubwa ya urani ya mradi uliotengeneza mabomu hayo ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika Katanga hiyo hiyo. Kobalti, ambayo Kongo huitoa kuliko nchi nyingine yoyote duniani na ambayo kwa wingi hutoka Lualaba, ikipigwa na nyutroni ndani ya tanuri la nyuklia hugeuka kuwa kobalti-60, iliyoanza kutibu saratani nchini Kanada mwaka 1951. Kumsomea mgonjwa wa Kolwezi ile 7 katika 10 bila kumweleza kwamba waliohesabiwa walikuwa na mashine za tiba ya mionzi ni kumpa ukweli wa wengine kana kwamba ni wake.

Mafundisho ya Jamaa kwamba uzima hushirikiwa yanapata hapa maana ambayo huenda Tempels hakuifikiria. Tiba ya mionzi hupendekezwa ianze ndani ya wiki 6 hivi baada ya upasuaji, na Lusaka, nchini Zambia, yenye hospitali ya saratani, iko ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, baada ya takribani kilomita 300 za kufika kwanza Lubumbashi. Ukoo unaouza kiwanja, parokia inayochanga nauli na daktari anayeandika barua ya rufaa bila kuchelewa huamua kama mgonjwa anaingia katika kundi ambalo hesabu ile ilitokana nalo, au anabaki nje yake.