Sisimizi Wawili juu ya Chungwa

Twaeni chungwa, mkawaweke sisimizi wawili katikati ya tumbo lake, mmoja kando ya mwenziwe, wakaanza kupanda. Kila mmoja aenda mbele, hageuki kuume wala kushoto. Lakini kadiri wapandavyo wanakaribiana, hata kule kwenye kikonyo wanagongana. Ndipo kila mmoja amwambie mwenziwe, "Wewe ndiwe uliyeiacha njia, maana mimi nalikwenda sawa." Je, mkosaji ni nani?

Hakuna. Wote wawili walikwenda kwa unyofu. Kilichopinda ni chungwa. Na hivyo ndivyo ilivyo duniani. Watu wawili wakiondoka Ikweta, mmoja pale Maseno katika Kenya, wa pili maili 60 upande wa mashariki, wakashika kaskazini barabara, watakapofika digrii 60, katika nchi ya Urusi, kati yao zitabaki maili 30 tu.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sisimizi atajuaje, naye hawezi kuruka mbali akalitazama chungwa?" Swali lake lilikuwa jema kuliko jibu nililompa siku ile. Sisimizi hana haja ya kuruka; na apime. Achore pembetatu kubwa kwa njia zilizonyoka. Juu ya ubao ulio sawa pembe zote tatu ni digrii 180. Juu ya chungwa zitazidi.

Mwaka 1854 Bernhard Riemann, Mjerumani, mwana wa mchungaji, alifundisha ya kwamba hata nafasi hii tukaamo, yenye mbele na kando na juu, yaweza kupinda. Hapo akili yangu husimama, kwa kuwa sina chungwa la kuwaonyesha. Sote tumo ndani. Wako wasemao, jambo lisilowazika lisifundishwe. Mimi sikubali. Sisimizi naye hawezi kuliwaza chungwa, na chungwa lipo.

Kisha mwaka 1915 Albert Einstein alisema ya kuwa jua hupinda nafasi iliyo karibu nalo, hata nuru ya nyota ipitayo hapo, ijapo yashika njia iliyonyoka kuliko zote, itaonekana kama imepotoka. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa, na Waingereza wakapiga picha katika kisiwa cha Príncipe, magharibi ya Afrika, na huko Sobral katika Brazil. Walipozipima picha, nyota zilizo karibu na jua zilionekana zimesogea kidogo sana, kwa kadiri iliyokaribia hesabu yake. Nyota zenyewe zilikuwa mahali pake.