Kukesha na Kukosa Usingizi

Katika sharika zetu za Upare, milimani na tambarare, liko swali ambalo watu huulizana kwa sauti ya chini, nalo ni hili: Mtu asiyepata usingizi usiku, je, ana kosa ama ana ugonjwa? Naye asinziaye mchana, je, ni mvivu ama ni mtu wa kuhurumiwa? Swali hili laonekana dogo, lakini kwa jinsi tunavyolijibu ndivyo tunavyomtendea ndugu yetu, na pengine ndivyo tunavyomponya au kumwacha aangamie.

Kwanza yatupasa kutenga mambo mawili yanayofanana kwa nje. Liko jambo la kukesha, na liko jambo la kukosa usingizi. Mama hukesha kwa ajili ya mtoto mwenye homa, majirani hukesha matangani, mlinzi hukesha langoni. Hao wote wameuacha usingizi kwa ajili ya jambo jema, na wakipata nafasi hulala. Bali mwenye kukosa usingizi hakuuacha. Autafuta, nao wamkimbia. Wale wametoa sadaka, huyu amenyang'anywa. Si haki kuwahukumu kwa sheria moja.

Wako wasemao kwamba kulala ni kupoteza wakati, na kwamba mtu wa bidii hulala kidogo. Hao na waitazame ndiva. Katika milima yetu maji ya kijito ni machache. Ukiyaachilia mferejini moja kwa moja, udongo huyanywa njiani, yasifike shamba la mwisho. Kwa hiyo wazee walichimba ndiva. Jioni tundu lake huzibwa, na usiku kucha maji hukusanyika; asubuhi huzibuliwa, nayo hushuka kwa nguvu hata chini. Mgeni apitaye usiku, akiuona mfereji mkavu, angeweza kusema, Maji haya yamekaa bure. Kumbe hiyo ndiyo kazi yake ya usiku. Usingizi nao ni vivyo hivyo. Mtu alalapo, ubongo huyapanga na kuyatunza yale aliyojifunza mchana, mwili hujitengeneza na kupata nguvu za kupigana na maradhi, na watoto hukua. Matabibu husema kwamba mtu mzima ahitaji saa 7 au zaidi kila usiku, na mtoto wa shule ya msingi saa 9 hata 12. Basi adharauye usingizi ni kama mtu azibuaye ndiva usiku wa manane ili aonekane ana bidii. Asubuhi wenye mashamba ya chini hukosa maji.

Na hapa twaona kwamba usingizi wa mtu si mali yake peke yake. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha yapita Same, na tangu mwaka 2023 mabasi ya safari ndefu yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Dereva asiyelala siku mbili, ajapokuwa mtu mwema, amechukua roho za watu katika mikono iliyochoka. Usingizi wa ghafula haumwombi mtu ruhusa. Macho yakifumba nukta chache tu, zatosha. Wako wajitiao macho kwa mirungi, ambayo sheria ya nchi imeikataza, nayo imelimwa kwa siri hata katika milima ya Same. Mirungi haimrudishii mtu usingizi alioukosa. Yamficha deni lake tu, na deni lililofichwa pengine hulipwa na wasiokopa. Kwa hiyo asemaye, Hii ni shida yangu mwenyewe, haimhusu mtu, hajasema kweli yote.

Ziko hukumu tatu ambazo watu hupenda kuwatolea wagonjwa wa namna hii, nazo zote zina hatari.

Hukumu ya kwanza ni ya uvivu. Tukumbuke ugonjwa wa malale uletwao na mbung'o. Tangu mwaka 1900 hivi uliwaua watu wanaokadiriwa kupita 200,000 katika Busoga na kandokando ya ziwa kuu. Ugonjwa huo hupindua saa za mwili: mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku. Nani atamwita mvivu mtu aliyeingiwa na vijidudu hata ubongoni? Hata pasipo malale, wako watu ambao koo lao huziba walalapo. Hukoroma kwa nguvu, pumzi hukatika, kisha huamka kama aliyekabwa, mara nyingi kwa usiku mmoja, wala wenyewe hawajui. Mtu huyo hukaa kitandani saa 8, naye asubuhi ni kama hakulala kamwe.

Hukumu ya pili ni ya imani haba. Husemwa, Angeliamini angelala. Lakini nabii Eliya, alipochoka hata kutamani kufa, alipewa kwanza usingizi na chakula, mara ya kwanza na ya pili, na baadaye ndipo alipopewa maneno. Sisi tusigeuze taratibu hiyo, tukimpa aliyechoka maneno mengi kwanza.

Hukumu ya tatu ndiyo mbaya kupita zote, nayo ni ya uchawi. Mtu huamka usiku hawezi kujongeza hata kidole, na kifuani asikia uzito kama amekaliwa. Waswahili hukuita huko kuingiwa na jinamizi. Leo yajulikana kwamba ni akili iliyoamka kabla ya viungo, na baada ya muda mfupi hupita. Huwapata zaidi watu waliochoka na wenye kulala ovyo. Lakini mwenye hofu hutafuta jirani wa kumlaumu. Mwaka 1995, Pemba na Unguja zilijaa hofu ya jini la usiku liitwalo Popobawa, hata watu wakalala nje kandokando ya moto. Na katika mji wa Zanzibar mtu mmoja, mgonjwa wa akili, asiye na hatia, aliuawa na kundi la watu. Wataalamu waliochunguza habari zile waliona kwamba masimulizi mengi yafanana na jinamizi. Tazameni basi jinsi usiku mbaya usioelezwa unavyoweza kumwaga damu.

Sasa mtu atajuaje kwamba imefika saa ya kutafuta msaada? Usiku mmoja mbaya si ugonjwa, wala usiku chache baada ya msiba. Aanze na yale yaliyo mkononi mwake: alale na kuamka saa ile ile, aache kahawa tangu mchana, maana nguvu yake hukaa mwilini saa nyingi, asitegemee pombe, kwa kuwa hulaza upesi na kukatiza usingizi kabla ya alfajiri, na simu isiende naye kitandani. Lakini akikosa usingizi usiku 3 au zaidi kila juma, na mchana wake ukaharibika, baada ya majuma machache asingoje tena. Jambo hilo likiendelea miezi 3, matabibu huliita ugonjwa wa kudumu. Tena asingoje kabisa yeye ambaye pumzi yake hukatika usiku, wala asinziaye akiendesha gari au akishika panga. Miguu isiyotulia usiku nayo ionyeshwe, kwa maana pengine ni upungufu wa madini ya chuma. Naye aamkaye kabla ya alfajiri kila siku kwa moyo mzito, asione furaha katika lolote, aende upesi. Na akiwaza kujiua, apelekwe siku ile ile, wala asiachwe peke yake.

Asinunue vidonge vya usingizi dukani kwa shauri la rafiki, maana vingine humfunga mtu asiweze kuviacha. Tiba ishauriwayo kwanza kwa aliyekosa usingizi muda mrefu ni mafundisho ya kurekebisha desturi za kulala na mawazo ya usiku. Aanze katika zahanati iliyo karibu, kisha hospitali ya wilaya ya Same au ya Gonja. Na ikihitajika atapelekwa KCMC kule Moshi.

Nanyi walimu wa sharika, mtu akiwaambia habari zake za usiku, zitunzeni. Salini pamoja naye, kisha mfuateni njiani hata kwa tabibu, maana wengi hushindwa kwa kuona haya tu. Wahenga walisema, Mficha maradhi kilio kitamfichua.

Kila asubuhi twasalimiana, Umelalaje? Nasi twajibu, Salama, hata kabla ya kufikiri. Salamu hiyo ni njema, kwa kuwa yauliza jambo lenyewe. Basi tukiuliza, na tungoje kidogo tusikie jibu; naye aliyeulizwa, kama hakulala, na apate ruhusa ya kusema, Sikulala.