Kadi za Mjomba

Mei 2024 watu wa kusini mwa Tanzania walikatiwa njia mara mbili. Kwanza ilikuwa barabara. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani tarehe 4, maji yalisomba barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, na mabasi na malori yakakwama kwa siku kadhaa. Watu hawajamaliza kusimuliana habari za barabara, Jumapili ya tarehe 12 mtandao nao ukaondoka. Nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Waziri wa habari wa wakati huo, Nape Nnauye, ndiye aliyewatangazia Watanzania kilichotokea.

Kisa ninachosimulia hapa ni cha kutunga. Jumapili yenyewe si ya kutunga.

Kijana mmoja ana steshenari kata ya Mandawa, wilaya ya Ruangwa. Anatoa fotokopi, anapiga picha za paspoti, anachapa barua za maombi ya kazi, na siku hizi anadizaini kadi. Dizaini anazifanyia Canva, programu inayotumika mtandaoni, na hana haja ya kuona haya: kompyuta yake ya mtumba haiwezi kubeba programu nzito, na mle ndani violezo vizuri vimejaa tele. Anajiunga bando, anawasha hotspoti ya simu, kazi inaendelea.

Ijumaa, siku mbili kabla ya Jumapili hiyo, alimaliza kadi za harusi. Mwenye kazi alikuwa mjomba wa bibi harusi, na kwa Wamwera, wenyeji wa Ruangwa, mjomba haji harusini kama mwalikwa tu. Ukoo unafuatwa kwa mama, kwa hiyo neno la mjomba ndilo linaloisogeza posa au kuisimamisha. Mzee aliitazama kadi kwenye simu, akaipenda, akatoa kianzio.

"Jumatatu alfajiri napanda gari la Nachingwea kuwapelekea ndugu. Usiniangushe, mpwa wangu."

"Ondoa shaka, mjomba. Kazi imeisha, bado kuprinti tu."

Kazi haikuwa imeisha. Ndani ya kompyuta yake hapakuwa na kitu chochote cha harusi ile. Kadi yote, maua na majina na tarehe, ilikuwa kwenye mashine za watu wengine ng'ambo, na kilichokuwa mezani kwake ni kidirisha cha kuchungulia. Angeweza kuishusha palepale Ijumaa. Lakini bando lilikuwa ukingoni, faili lenye picha za ubora wa kuprinti ni zito, akaona heri abane: Jumapili atajiunga jingine, atashusha na kuprinti kwa mkupuo mmoja. Ni hesabu ya mtu anayejua thamani ya shilingi, nami siwezi kuicheka.

Jumapili akafungua. Kiduara kikazunguka. Akadhani bando halijaingia, akanunua la pili. Kiduara kinazunguka. Akabadilisha laini. Akaazima simu ya muuza chipsi wa jirani. Akatoka na kompyuta mkononi mpaka kwenye mwinuko, chini ya mikorosho, ambako siku nyingine mtandao hushika vizuri. Mnara ulikuwepo na simu za kawaida zilikuwa zinapigika, jambo lililozidi kumchanganya. Hakuna bando linalounga waya uliokatika baharini.

Kilichomwokoa kidogo ni ujumbe wa WhatsApp wa wiki iliyotangulia, wenye majina na ratiba, ambao ulikuwa umeshaingia kwenye simu. Usiku akayachapa upya kwa programu ya kawaida ya kuandikia, bila maua, bila dhahabu. Alfajiri mjomba akazipokea, akazigeuzageuza, akauliza kama hizi ni kadi au barua za kuitwa baraza la kata. Salio la malipo hakulitoa.

Msomaji wa mjini asidhani hii ni habari ya mikorosho tu. Mei 2014 huduma ya kuingilia akaunti ya Adobe, kampuni ya programu za kudizaini, ilizima kwa zaidi ya saa 24, na wachapaji wa nchi zenye mtandao wa kasi wakakaa wakitazama milango iliyofungwa. Oktoba 2019 kampuni hiyohiyo iliwatangazia wateja wa Venezuela kwamba akaunti zao zitafungwa kwa sababu ya amri ya rais wa Marekani. Ilirudi nyuma mwishoni mwa mwezi, baada ya kupata kibali. Hapo waya ulikuwa mzima. Aliyeshika ufunguo alikuwa mtu mwingine, basi.

Wapo watakaomwambia kijana aachane na Canva. Mimi sikubaliani nao. Chombo kinamlisha, akitumie. Lakini kabla hajazima kompyuta, ashushe PDF ya kuprinti na kuiweka kwenye fleshi, hata kama mteja atarudi kesho kubadilisha jina la ukumbi. Maandishi ya mteja yakae kwenye faili lake, si ndani ya dizaini peke yake. Na kwa kazi zinazojirudia, kama kadi za michango, ratiba na vyeti vya shule, ajifunze Inkscape. Ni ya bure, inakaa ndani ya kompyuta, inafunguka bila bando. Itamchosha mwanzoni kwa sababu haimpi violezo vilivyopikwa tayari, na kompyuta ya mtumba itaguna kidogo picha zikiwa nyingi. Wanaotumia Figma, chombo kingine cha kudizaini mtandaoni, nao wasijidanganye kwa kuwa faili lililo wazi huendelea kuharirika mtandao ukikatika. Ukishalifunga, huna uhakika wa kulifungua tena mpaka mtandao urudi.

Inabaki gharama. Kushusha faili kila jioni kunakula bando, na bando ni hela. Wenye steshenari wengi humtoza mteja karatasi na wino, bando wakalimeza wenyewe, ndiyo maana wanalibania mpaka dakika ya mwisho. Liandikwe kwenye bei siku mteja anapotoa kianzio, mstari wake peke yake, chini ya karatasi na wino. Mjomba aliyelipa nauli ya Nachingwea asingekataa kulilipia.