Mgeni na Giza la Tromsø

Mjini Tromsø, kaskazini mwa Norwei, jua halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Saa sita mchana hubaki mwanga wa samawati tu, kama wa alfajiri. Mgeni hujifungia ndani, na hapo ndipo hukosea. Wenyeji huanza kwa kumfundisha mavazi: sufu mwilini, kwani pamba hunywa jasho, ikabaki na unyevu na kumtia baridi; kisha sweta na koti la kuzuia upepo. Halafu humfundisha kuteleza thelujini kwa ski, kwenye njia za msituni zenye taa, ambako watoto wadogo humpita akiwa ameanguka chini. Hata jua likianza tena kuchomoza, milima hulificha hadi tarehe 21 Januari hivi, siku ya kulipokea kwa kula maandazi yenye jemu. Kufikia hapo mgeni naye hubeba chupa yake ya chai, japo ndani ni kahawa.