Hadithi za Wazee na Damu ya Vijana



Kijana wa hapa Singe akifungua kitabu cha hadithi za picha kutoka Japani, hukuta miungu, mababu na vita pamoja. Twaweza kusema, "Ni hadithi tu." Lakini hadithi yaweza kumpeleka mtu kufa.

Mwaka 1274 na 1281 dhoruba zilivunja merikebu za Wamongoli waliokuja kuiteka Japani. Wajapani wakaiita kamikaze, upepo wa miungu. Mwaka 1944 jina hilo wakapewa marubani vijana waliotumwa kuzigonga manowari kwa ndege zao, wafe nazo. Mwaka huohuo askari wa Keya kutoka Tanganyika walikuwa Burma wakipigana na Wajapani.

Tusiwacheke. Mwaka 1905, kule Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aliwagawia watu maji ya kuzigeuza risasi za Wajerumani. Imani hiyo iliunganisha makabila yaliyokuwa mbalimbali. Risasi hazikugeuka. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa.

Je, tuwasifu wazee hao au tuwalaumu? Amri ya tano yatuagiza kuwaheshimu, wala haituagizi kuwafichia makosa. Basi jioni tukiota moto tuwasimulie wajukuu yote mawili: umoja na ushujaa wao, na kwamba maji hayakuzuia risasi. Maana mtoto aliyerithi ushujaa bila ukweli, mwingine atakuja na hadithi yake na kumtuma tena.